Nimepanga likizo yote kwa simu, sasa mama asema yeye haendi

Assalam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 36, naishi Tudor hapa Mombasa. Nafanya ukarani kwenye afisi ya kutoa mizigo bandarini, nalisema hilo mapema ili ujue mimi ni mtu wa karatasi. Meli ikichelewa nataka kujua imechelewa wapi, kwa siku ngapi na nani atalipa. Kwetu mipango yote huachiwa mimi. Harusi ya dada yangu niliishika mimi, na hitima ya baba niliishika mimi.

Mwaka huu sisi ndugu wanne tuliafikiana kwamba likizo ya Agosti twende sote Lamu pamoja na mama. Ukijumlisha na watoto tuko kumi na mmoja. Kila ndugu alitoa shilingi 40,000. Mama ni mzaliwa wa Langoni, mjini Lamu. Aliolewa Mombasa mwaka 1979, na tangu matanga ya bibi yetu mwaka 1994 hajalala Lamu tena. Kwa hiyo mimi nilidhani namwandalia zawadi.

Nilianza mwezi wa Machi. Bi Mshauri, sijui kama wewe ni mtu wa mambo haya, lakini mimi nimezama. Watoto wakilala nafungua simu, naingia tovuti hii, natoka ile, nalinganisha bei. Maoni ya wageni nimeyasoma mpaka waandishi wake nawajua kwa majina. Yuko mmoja aliyeikata nyumba ya watu nyota mbili kwa sababu adhana ya alfajiri ilimwamsha na punda walilia usiku. Tulicheka kutwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nina jedwali la kurasa sita: nauli, boti, chakula, nani atalala wapi. Kwenye ramani ya simu nimetia alama 43. Mume wangu hunitania kwamba nimehamia Lamu peke yangu, yeye nimemwachia Tudor. Siku nyingine hatanii.

Nikapata nyumba Shela, kile kijiji cha pwani nje ya mji wa Lamu, kisiwa hicho hicho. Vyumba vinne, ghorofa tatu, zidaka ukutani, na juu kabisa kibanda cha makuti kinachotazama bahari. Usiku mmoja ni 18,000, kwa siku nne 72,000, usafi 3,500, ada ya tovuti 10,400. Jumla 85,900. Nikaitisha kura kwenye kundi, nyumba tatu zishindane. Ya Shela ikapata kura tano, nyingine moja, ya tatu haikupata kitu. Usiku ule nilipoifungua tena, tovuti ikaniandikia kwa wekundu kwamba watu saba wanaitazama nyumba hiyo sasa hivi. Ilikuwa saa sita na nusu. Nikalipa kwa kadi ya mtandaoni. Nikifuta siku 30 kabla ya kufika narudishiwa pesa zote, zikipita hizo narudishiwa nusu. Kufikia tarehe hiyo ya kufuta zimebaki siku kumi na mbili.

Ijumaa iliyopita baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa mama Kibokoni, nikamwonyesha picha. Akazitazama moja moja. Akaniuliza, "Hapa ni Shela?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Kwani kwa mama yenu mdogo wameingia wageni?" Nikamwambia la, ila sisi tuko wengi, hatuwezi kumtwika mtu mzigo wa watu kumi na mmoja, na nyumba nimeshailipia. Akauliza ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, akamaliza kukunja leso aliyokuwa akiikunja, akasema, "Basi nendeni nyinyi. Mimi nitabaki na nyumba."

Mama mdogo anakaa Langoni, nyumba ile ile waliyozaliwa. Ana vyumba vitatu. Yeye huja Mombasa kila mwaka kwa ajili ya macho yake au harusi, na hulala chumbani kwa mama wiki mbili, pengine tatu.

Kaka asema tufute kila kitu tufikie kwa mama mdogo, tulale hata chini. Mkewe hataki kulisikia hilo, asema kulala chini kwa watu siku nne si likizo. Dada asema nishikilie nyumba, mama atalegea. Kitinda mimba wetu asema lolote sawa. Wote wananitazama mimi.

Na kuna jambo naona haya kulisema. Mwenye nyumba amenitafuta WhatsApp. Asema nifute kule kwenye tovuti kabla siku hazijapita, halafu nimtumie yeye 70,000 kwa M-Pesa, atanipa nyumba ile ile kwa siku zile zile. Hizo ni shilingi 15,900 zinabaki mkononi, na nimewaza kwamba bei ikishuka labda ghadhabu ya mama nayo itashuka. Sijamwambia mtu.

Nimechoka. Miezi minne nimefanya kazi ya watu kumi na mmoja, hakuna aliyesema ahsante, na sasa naonekana nimemkosea mzazi kwa sababu ya simu. Nakuambatishia mpango wa siku zote nne uuone. Nifute, nishikilie, au nimwache mama abaki?

Karani wa Tudor


Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze na deni. Ahsante. Nimeusoma mpango wako wote mpaka ule mstari wa dawa ya kichefuchefu cha boti kwa mtoto wa kaka yako, na nimejua ni kazi ya mtu anayewapenda watu wake. Kazi ya namna hii haionekani mpaka iharibike. Basi likipita basi kwa wakati, hakuna anayemkumbuka aliyekata tikiti.

Sasa nikurudishie barua yako kwa maneno yangu, uone kama nimekuelewa. Umeandaa safari ya kumrudisha mama kwao. Umeiandaa vizuri, kwa pesa za ndugu wanne, na imesimama pale pale alipoiona kwa macho yake. Tarehe ya kufuta inakukimbiza. Wakati huo huo mtu anakunong'oneza njia ya mkato, nawe umeanza kuitazama kama dawa ya yote. Hapo mimi naona mambo matatu yamefungwa fundo moja na hiyo tarehe, na kila moja lina njia yake ya kufunguliwa.

Niseme kwanza la mwenye nyumba, maana lina haraka. Huenda ni mtu mwema. Wenye nyumba wengi hawazipendi ada za tovuti, na wanaona mwenzao wa Ulaya anakula jasho la ukuta wao. Lakini fikiri ile ada inanunua nini. Airbnb, kwa mfano, humwachilia mwenye nyumba pesa kama saa 24 baada ya wakati wa mgeni kuingia. Maana yake, ukifika ukakuta mlango umefungwa au nyumba si ile ya kwenye picha, pesa bado ziko kwa mtu wa tatu na una wa kumlalamikia. Tovuti za namna hii hukataza malipo ya pembeni, na ukishafuta kule, hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba wewe na bwana huyo mna mapatano yoyote ya Agosti. Akitokea mgeni wa 25,000 kwa usiku, wewe utakuwa na ujumbe wa WhatsApp tu mkononi.

Na usiniambie M-Pesa ina jina. Ina jina, kweli. Itakuonyesha mwenye laini kabla pesa hazijaondoka. Haitakuonyesha kama mwenye jina hilo ana nyumba Shela. Kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili urudishiwe pesa ni dawa ya aliyekosea namba, si ya aliyejutia mapatano, na zikishatolewa na mpokeaji hata aliyekosea namba hutaabika.

Mimi mwenyewe niliwahi kutuma arbuni ya nyumba ya likizo pwani ya kusini, miaka kadhaa imepita. Nyumba ilikuwepo, siwezi kumsingizia mtu. Dimbwi la kuogelea lililonivuta kwenye picha lilikuwa la jirani. Tulikaa siku tatu tukisikia watoto wa wenzetu wakirukia maji nyuma ya ukuta, na wajukuu zangu wakinitazama.

Sikwambii ukatae. Wako watu wanaolipana moja kwa moja kila mwaka na hawajadhulumiana. Ukitaka njia hiyo, unaye mtu aliye umbali wa robo tatu ya saa kwa miguu kutoka hapo mlangoni: kijana yeyote wa kwa mama mdogo anaweza kutembea mpaka Shela akaiona nyumba, akamwona mtu, akauliza majirani. Unaweza kutaka mapatano ya maandishi, ukatoa sehemu ndogo sasa na nyingine mkifika. Hata hivyo hatari itakuwa imepungua tu, haitakuwa imekwisha. Ila nilisita zaidi kwenye maneno yako mafupi, "sijamwambia mtu." Zile si pesa zako peke yako. Zikipotea utazibeba peke yako, na zikiokoka utakuwa na siri ambayo hukuihitaji. Kwa nini hili hukulipeleka kwenye kundi, wewe unayepigia kura hata aina ya mkate?

Tuje kwenye nyumba yenyewe. Umeniandikia ghorofa tatu, zidaka na makuti. Hukuniandikia ngazi. Aliyeolewa 1979 leo si msichana, na nyumba za kwetu za ghorofa, za Lamu hasa, ngazi zake ni nyembamba, zimesimama, na kila kipandio kirefu kama cha kupandia dau. Picha haipigwi ngazini. Rudi kwenye yale maoni uliyoyahifadhi kichwani uyasome upya kwa magoti ya mama yako: nani anataja ngazi, na nani anataja choo kiko ghorofa ya ngapi? Wengi wanaoandika pale ni vijana wawili wawili waliokuja kutazama machweo, na kwao ngazi ya hatari ni sehemu ya raha. Nyota zao si za uongo. Zilitolewa na watu wenye mwili mwingine na haja nyingine. Yule wa adhana alikata nyota kwa kitu ambacho pengine ndicho mama yako angekifuata. Muulize mwenye nyumba, kupitia tovuti ili jibu libaki kwenye maandishi, kama kuna chumba cha chini chenye choo. Jibu hilo huenda likakuamulia mengi kabla hujamgusa mtu yeyote wa familia.

Na ile ya watu saba wanaoitazama nyumba sasa hivi, mwanangu, hiyo ni sauti ya mnadani. Watu hao huenda wapo kweli, lakini kutazama si kulipa. Wewe mwenyewe ulitazama miezi minne. Mwaka 2019 Tume ya Ulaya iliibana Booking.com juu ya mambo ya aina hii, na kampuni ikaahidi kwamba ikisema chumba ni cha mwisho itaeleza wazi kuwa ni cha mwisho kwenye tovuti yake tu, wala haitasema bei inakwisha muda fulani ilhali baadaye itakuwa ile ile. Sikulaumu kwa kulipa saa sita na nusu usiku. Nakuonyesha tu kwamba kati ya kura na malipo palikuwa na usiku mmoja, na haraka ya usiku huo haikutoka kwenu.

Hapo nafika kwa mama.

Umesema kura tano, na moja, na sifuri. Nimehesabu watu wazima wa safari: wewe na mumeo, kaka na mkewe, dada, kitinda mimba. Hao sita. Mama ni wa saba. Kura yake iko wapi? Sijaona popote kwamba yumo kwenye kundi, na nadhani simu yake ni ile kabambe ya kupiga na kupokea tu. Hukumnyima kwa ubaya. Ulitaka iwe zawadi, na zawadi haipigiwi kura na anayepewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye Lamu yake alikuwa wa mwisho kujua atalala wapi Lamu.

Pili, umeandika "ghadhabu ya mama." Nimeisoma tena ile habari ya Ijumaa, nikaitafuta ghadhabu, sikuiona. Nimeona mtu aliyeuliza maswali matatu: hapa ni Shela, kwani kuna wageni kwa mdogo wangu, ni pesa ngapi. Kisha akakunja leso. Neno ghadhabu ni lako. Labda unamjua na umesoma uso wake, siwezi kubishana nawe. Lakini lile swali la katikati nimeligeuza mara nyingi. Wewe umelisikia kama lawama, kwamba mnapitaje nyumba ya ndugu mkalale kwa kukodi. Inawezekana. Mdogo wake akija Mombasa hulala chumba kimoja naye wiki mbili, pengine tatu. Mtu aliyepokea na kupokewa hivyo, akashuka bandarini Lamu na mizigo, watu wa Langoni wakimwona aunganisha boti kwenda Shela, ataona uso wake umekatwa. Kule hakuna kufika kimya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji akinyimwa mgeni wake huulizwa na jirani amefanya nini.

Lakini lisikilize swali hilo hilo kwa sikio jingine. Umeniandikia, kama mtu anayetaja rangi ya pazia, kwamba tangu 1994 mama hajalala Lamu. Mdogo mtu huja kwake, yeye haendi. Miaka zaidi ya thelathini, nyumba ya kuzaliwa ipo, ndugu yupo, lami siku hizi imefika mpaka Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu. Kwa nini? Pengine hakuna sababu. Alikuwa na watoto, kisha mume mgonjwa, kisha wajukuu, siku zikapita tu. Kwa wanawake wengi hivyo ndivyo ilivyo. Pengine ipo, na imekaa ndani ya nyumba ile ile ya vyumba vitatu aliyofia mama yake. Kama ipo, basi alipouliza kama kwa mama yenu mdogo wameingia wageni huenda alikuwa anapima kama atalazimika kulala pale. Hapo nyumba ya Shela ingekuwa stara yake, na mpango wa kaka wa kufuta kila kitu ndio ungekuwa adhabu. Au ni zile 85,900 tu, kwa mtu aliyelea watoto wanne kwa kuhesabu sarafu. Au ni ngazi, aliziona kwenye picha kabla yako.

Unaona ninapotaka ufike. Zote nne zinatoka kwenye maneno yale yale, na kila moja inataka dawa tofauti. Nyinyi ndugu mmeshaanza kupigania dawa.

Sasa tuzitazame njia zenyewe, maana siku kumi na mbili ni nyingi kwa mazungumzo na chache kwa kununiana.

Kaka yako ana moyo mzuri, lakini nadhani hajapika chakula cha watu kumi na mmoja. Mama mdogo hatasema hapana. Hapo ndipo hatari ilipo: mwenyeji asiyeweza kukataa hajaulizwa. Atakopa magodoro, atatafuta maji, atakataa pesa zenu, na siku ya tatu mtu wa kumpa mgeni jembe hatakuwepo kwa sababu ya haya. Wifi yako naye ana haki yake. Kulala kwenye nyumba ya ndugu za mama mkwe, na watoto, bila mlango wake wa kufunga, si jambo dogo kwa mwanamke, hata kama alilisema kwa ukali. Lakini njia hii ina kitu ambacho hakuna tovuti inakiuza: watoto wenu wataamka nyumba aliyozaliwa bibi yao.

Kuna kugawanyika. Mama alale Langoni, pengine na dada yako, nyinyi wengine Shela, mkutane kutwa. Inasikika rahisi. Angalia tu isije ikawa mama amekwenda Lamu peke yake na nyinyi mmekwenda kwingine, ile boti ya kwenda na kurudi, na watoto, na jua, siku ya pili mtu ataanza kusema "leo tupumzike." Na mama mdogo atajua ni nani waliona nyumba yake haiwatoshi.

Kuna kufuta Shela mapema, pesa zote zirudi, mtafute nyumba mjini penyewe, Mkomani au Langoni, hatua chache kutoka kwa mama mdogo. Mji wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na nyumba za wageni zimejaa vichochoroni. Nyingine ziko kwenye simu yako. Nyingine haziko popote isipokuwa kwa mdomo wa mtu, na mama mdogo ndiye mdomo huo. Ukimtuma akutafutie nyumba umempa uenyeji bila kumpa mzigo. Hatari yake ni wakati. Agosti ni msimu, utafuta ukiwa na kitu na huenda ukapata kidogo kuliko kile, bila makuti yanayotazama bahari, na nduguzo waliopiga kura tano watakuuliza makuti yako wapi. Tena ukimpigia simu mama mdogo kabla ya mama kujua, umempita mama mara ya pili.

Na kuna kushikilia, kama dada anavyosema, kwa imani kwamba mama atalegea. Wazazi wetu hulegea, ni kweli. Hulegea wakaja, wakakaa kwenye kiti cha plastiki siku nne wakisema kila kitu kizuri. Wewe ndiye unayejua kama ungeweza kuzifurahia picha za safari hiyo.

Mumeo ulimpa maneno matatu, nami simpi mengi. Siku ambazo hatanii, muulize. Labda anataka tu kuonyeshwa na yeye hiyo Lamu unayoishi usiku.

Ungekuwa umekaa nami barazani ningekuuliza jambo moja zaidi kabla hujaondoka: zile alama 43 kwenye ramani, ngapi amekupa mama? Chuo alichosomea, nyumba ya somo yake, kisima, pwani walikooga wakifukuzwa. Nadhani hakuna hata moja, kwa sababu vitu hivyo havina nyota wala maoni. Nenda Kibokoni siku ambayo si ya kuamua. Usianze na nyumba wala tarehe. Fungua ramani, ikuze picha ya Langoni mpaka paa zionekane, umwombe akuonyeshe yeye. Macho yakimshinda muelezee wewe, "hapa msikiti, hapa gati," naye atakuongoza. Huenda akakwambia la 1994. Huenda akakwambia magoti. Huenda akakwambia uzime simu mle mkate wa mofa, na hilo nalo utalisoma wewe, mimi sipo. Kisha muulize kama anavyoulizwa mtu mzima: mama, ukifika Lamu ungependa kulala wapi? Na umwache anyamaze anavyotaka kunyamaza. Zikibaki siku tano hajasema, rudi kwa nduguzo uwaambie tarehe inakuja na kwamba safari hii uamuzi hutaubeba peke yako.

Nimebakiza la mpango wako. Umeandika Jumatatu saa nane mchana mashua kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mkondo wa mikoko unaoingia kule hupitika maji yakijaa. Yakitoka mtakaa topeni mkitazamana, na mtoto wa kaka na kichefuchefu chake. Tovuti iliyokuuzia safari imeandika saa, haikuandika kama ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, maji madogo, na hayo hufuata mwezi. Kabla hujalipa, muulize mama siku hiyo mwezi wa Kiislamu utakuwa wa ngapi na maji yatajaa saa ngapi. Mtoto wa Langoni atakujibu bila kuinua kichwa kwenye leso yake.

Bi Mshauri